Kia Ilianguka kwa Kukosa Mwenyewe?

Tarehe 15 Julai 1997, benki za Korea Kusini ziliiingiza Kia, kundi la kampuni za magari, katika mpango wa dharura wa kuinusuru isifilisike. Lilikuwa kundi la nane kwa ukubwa nchini humo, likidaiwa zaidi ya won trilioni 9, na lilitofautiana na makundi mengine makubwa kwa jambo moja: halikuwa mali ya ukoo wowote. Hyundai ilikuwa ya akina Chung, Samsung ya akina Lee, Daewoo ya Kim Woo-choong. Hisa za Kia zilikuwa zimetawanyika, nyingine zikiwa mikononi mwa wafanyakazi wake, na bosi wake, Kim Sun-hong, alikuwa mhandisi aliyeajiriwa hapo miaka ya 1950 akapanda ngazi mpaka juu. Wakorea walijivunia kuiita kampuni ya wananchi.

Ilipoanguka, maelezo hayakuchelewa, na mpaka leo ndiyo yanayosikika zaidi: haikuwa na mwenyewe. Meneja wa kuajiriwa, hoja inasema, hukopa pesa ambazo hatazilipa yeye, huwabembeleza viongozi wa chama cha wafanyakazi ili abaki kitini, na siku ya hesabu ikifika hana cha kupoteza isipokuwa mshahara. Wapo wanaosema kinyume kabisa, kwamba Kia haikuanguka, iliangushwa. Serikali iliifunga mikono mwaka 1981, baadaye ikamfungulia mlango mshindani aliyekuwa akiimezea mate, na mwaka 1997 ikakaa miezi mitatu ikitazama bila kuamua. Kila upande una ukweli wake, ila naona wa kwanza ndio unaokosea zaidi, na ndio uliopata wafuasi wengi. Ushahidi mwingi umo katika magari yenyewe.

Kampuni ilianza mwaka 1944, Korea ikiwa bado koloni la Japani, pale Kim Chul-ho alipofungua karakana ya mabomba ya chuma na vipuri vya baiskeli mjini Seoul. Vita vya Korea vikaisukuma hadi Busan, na huko ndiko ilikotoka, mwaka 1952, baiskeli ya kwanza kuundwa na Wakorea wenyewe. Zikafuata pikipiki kwa leseni ya Honda, kisha mwaka 1962 K-360, kigari cha mizigo cha magurudumu matatu kilichochorwa na Mazda, injini yake ya cc 356. Mkazi wa Dar es Salaam angekiona angesema ni guta lenye kibanda. Ndugu zake wakubwa, T-600 na T-2000, ndio waliopandisha makaa ya mawe yaliyofinyangwa, yale ya kupikia na kupashia nyumba joto, kwenye vichochoro vya milimani vya Seoul ambako lori la magurudumu manne lisingeweza kukata kona. Kwa hiyo Kia ilikuwa kampuni ya watu wa mizigo kabla ya kuwa kampuni ya watu wa magari ya saluni, yale madogo ya abiria, na tabia hiyo haikuiacha.

Mwaka 1973 ilifungua kiwanda cha Sohari, Gwangmyeong, cha kwanza Korea kutengeneza gari tangu kusubu injini mpaka kufunga milango mahali pamoja. Mwanzilishi alifariki mwaka huohuo. Mwaka uliofuata ikatoka Brisa, gari dogo lililotokana na Mazda Familia, na mwaka 1975 pikapu chache za Brisa zikapakiwa melini kwenda Qatar. Mwaka 1976 Kia ikainunua Asia Motors, waunda malori na mabasi. Hyundai nayo ilikuwa imetoa Pony yake, iliyochorwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro. Kwa muda mfupi Korea ilikuwa na mashindano halisi ya magari madogo.

Kisha ukaja mwaka 1980. Rais Park Chung-hee alikuwa ameuawa Oktoba 1979, bei ya mafuta ilikuwa imepaa kwa mara ya pili ndani ya muongo mmoja, na magari yaliyoundwa nchini yakashuka kutoka zaidi ya 200,000 mwaka 1979 hadi kama 123,000. Viwanda vilikuwa vimejengewa soko ambalo halikuwapo. Jenerali Chun Doo-hwan, aliyekuwa ametwaa madaraka, alitaka kwanza kuziunganisha Hyundai na Saehan, kampuni iliyokuja kuwa Daewoo. General Motors ilikuwa na nusu ya Saehan, haikuelewana na Hyundai juu ya nani atakuwa na neno la mwisho, na mpango ukavunjika. Amri iliyotoka Februari 1981 ikagawa kazi badala ya kuunganisha: magari ya abiria yawe ya Hyundai na Saehan, Kia iachane nayo kabisa na ibaki na malori na mabasi madogo, na pikipiki zake ziende kwa Daelim.

Wanaoitetea amri hiyo wana hoja yenye uzito. Kiwanda cha magari kinachotoa makumi machache ya maelfu kwa mwaka hakiwezi kuuza nje kwa bei ya kushindana, na nchi iliyokuwa ikiishi kwa mkopo haikuweza kulisha viwanda vitatu vya aina hiyo. Hyundai, ikiwa imepunguziwa mshindani nyumbani, ilipata nafasi ya kujenga kiwanda kikubwa cha Excel, na mwaka 1986 gari hilo liliingia Marekani na kuuzwa zaidi ya 168,000 katika mwaka wake wa kwanza. Huenda lisingewezekana soko la ndani lingegawanywa mapande matatu. Upande wa pili wa hesabu hiyo ni kwamba serikali ilimnyang'anya mtu gari lililokuwa likiuzika, Brisa, ikampa jirani yake soko. Anayesema Hyundai ilishinda kwa ushindani mtupu anauruka mwaka 1981.

Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Kia ilikuwa na Bongo, lori dogo la asili ya Mazda, na mwaka 1981 ikalifunika na kulitia viti 12, likawa Bongo Coach. Likawa gari la wenye maduka, la makanisa, la shule za chekechea, na la familia zilizotaka kusafiri pamoja na bibi na vyungu vyake. Kampuni iliyokuwa ikihesabiwa imekufa ilitoka hasara mwaka 1981 ikaingia faida mwaka uliofuata. Wakorea wanalo jina la kipindi hicho, muujiza wa Bongo, na mpaka leo wazee wao huita gari lolote la aina hiyo bongo, liwe la kampuni gani.

Ni wakati huohuo Kia ilipoacha kuwa ya ukoo. Mwana wa mwanzilishi, Kim Sang-moon, alijiondoa usimamizini na Kim Sun-hong akashika uongozi. Wafanyakazi waliokubali kujinyima katika miezi ile mibaya walipewa nafasi ya kuwa na hisa. Ukitaka kuhukumu kampuni isiyo na mwenyewe, basi anza hapa: kampuni hiyohiyo, chini ya meneja huyohuyo wa kuajiriwa, ndiyo iliyojitoa kaburini mwaka 1982. Wanaotumia mwaka 1997 kama ushahidi huuruka mwaka huu.

Marufuku ilipoondolewa mwaka 1987, Kia ilirudi kwenye magari madogo ikiwa imepoteza miaka sita ambayo Hyundai iliitumia kujifunza. Njia yake ya mkato iliitwa Pride. Mazda ilichora, Kia ikaunda, Ford ikauza Marekani kwa jina la Festiva, na Mazda na Ford zote zikawa na hisa Kia. Gari lilikuwa jepesi, la pembe-pembe, la bei nafuu, na halikusumbua. Ufundi wa kuchora, hata hivyo, haukuwa wa Kia. Maisha marefu zaidi Pride iliyapata Iran, ambako SAIPA ilianza kuiunda mwaka 1993 na kuendelea kuitoa kwa sura tofauti hadi 2020, miaka 20 baada ya Kia yenyewe kuiacha.

Msomaji wa Mombasa au Dar atauliza mbona haya yote hayakumfikia. Jibu ni upande wa barabara. Wakorea huendesha kulia, usukani wao uko kushoto, kwa hiyo gari lililotumika Seoul halina kazi kubwa Kenya, Tanzania wala Uganda, na Kenya kwa kawaida haisajili gari la usukani wa kushoto. Japani huendesha kushoto kama sisi. Hapo ndipo Toyota iliyotumika ilipojipatia Afrika Mashariki, na Kia ya mitumba ikapeleka bahati yake kwingine.

Turudi miaka ya 1990, kwa sababu ndiyo yenye makosa. Kim Sun-hong alitaka Kia iwe mchoraji wa magari yake. Sephia ilitoka 1992 ikiwa na mwili uliobuniwa nyumbani. Sportage ikafuata 1993, gari dogo la juu-juu la kwendea porini, wakati ambapo Toyota RAV4 ilikuwa bado haijatoka. Sportage lilishiriki mbio za Paris–Dakar mwaka huo na baadaye likaundwa Ujerumani, katika kiwanda cha Karmann, Osnabrück. Ukilitazama leo, lile gari lililotabiri soko la sasa la dunia lilitoka kwa kampuni ambayo wachambuzi wanasema haikuwa na dira. Februari 1994 Kia ikaanza kuuza Marekani kwa jina lake, kupitia wauzaji wanne tu wa Portland, Oregon.

Lakini palikuwa na upuuzi pia. Kia ilinunua haki za gari la michezo la Lotus Elan na kuanza kuliunda mwaka 1996, gari la viti viwili kwa nchi iliyokuwa bado inanunua magari ya kubebea mzigo. Nchini Indonesia, Kia iliingia mkataba na Tommy, mwana wa Rais Suharto, ambaye kampuni yake ya Timor ilisamehewa kodi ili iuze Sephia kama gari la taifa. Japani, Marekani na Umoja wa Ulaya wakalalamika kwenye Shirika la Biashara Duniani, wakashinda mwaka 1998, na Suharto akaanguka mwaka huohuo. Anayekumbuka miradi ya watoto wa marais hatahitaji maelezo marefu. Juu ya yote, kiwanda kipya cha Asan Bay kilijengwa kwa mkopo, na kampuni tanzu ya chuma, Kisteel, ilikuwa shimo lisilojaa. Asia Motors nayo ilikuwa ikivuja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kia daftari ilikuwa nalo, ila lilikuwa la uongo. Ukaguzi uliofanywa baada ya kuanguka ulikuta hasara za matrilioni ya won zimefichwa kwa miaka kadhaa, na Kim Sun-hong alikamatwa mwaka 1998 na kuhukumiwa. Hapa watetezi wa Kia hukaa kimya, na wanastahili kukaa kimya. Hakuna amri ya Chun wala njama ya Samsung inayoweza kueleza vitabu vilivyopikwa.

Samsung yenyewe ni sura nyingine. Kampuni ya bima ya kundi hilo ilikusanya hisa za Kia mwaka 1993 mpaka ikazua kashfa. Desemba 1994 serikali ikairuhusu Samsung kuingia kwenye magari, soko likiwa tayari limejaa. Mwaka 1997 ripoti ya ndani ya Samsung iliyopendekeza sekta ipangwe upya ilivuja, na Kia ikadai uvumi ule ndio uliowafanya wakopeshaji wa muda mfupi waanze kudai pesa zao kwa mpigo. Waziri wa fedha aliyesimamia sakata, Kang Kyung-shik, alikuwa mbunge wa Busan, mji uliopewa kiwanda cha Samsung. Huo si ushahidi wa njama, lakini ulitosha kuwafanya wafanyakazi wa Kia wasimwamini waziri hata akisema jua limechomoza. Walimtetea bosi wao, kukawa na kampeni ya kitaifa ya kuiokoa Kia, na Kim Sun-hong akakataa kujiuzulu kwa miezi mitatu huku serikali ikikataa kuamua bila yeye kuondoka.

Miezi hiyo mitatu iliigharimu nchi. Hanbo Steel ilikuwa imeanguka Januari, na wawekezaji wa nje walikuwa wakitazama Kia waone kama Korea inaweza kumalizana na kampuni mbovu. Oktoba 22 serikali ilitangaza kwamba Kia itawekwa chini ya usimamizi wa mahakama na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Korea utageuzwa hisa, yaani serikali iichukue. Siku mbili baadaye Standard & Poor's, kampuni inayopima uwezo wa wakopaji kulipa madeni, ikaishusha daraja Korea nzima. Kabla Novemba haijaisha, serikali ilikuwa imebisha hodi Shirika la Fedha la Kimataifa. Kusema Kia ndiyo iliyoleta janga ni kutia chumvi, kwa maana Thailand ilikuwa imeshaanguka Julai na benki za Korea zilikuwa zimekopa dola za muda mfupi kupita kiasi. Lakini kuchelewa huko kulikuwa kwa wote wawili, waziri na bosi wa Kia, na ni vigumu kumwonea huruma mmoja zaidi ya mwenzake.

Basi tuipime hoja ya mwenyewe. Mwaka 1997 Korea ilikuwa na kampuni kadhaa za magari zenye wenyewe. SsangYong, iliyokuwa na ukoo wake, ilizidiwa na madeni na kuuzwa kwa Daewoo mapema 1998, kisha ikapita mikono ya Wachina wa SAIC, Wahindi wa Mahindra, na kundi la KG lililoibadili jina. Samsung, yenye mwenyewe tajiri kuliko wote, ilitoa gari lake la kwanza mwaka 1998 na kuwauzia Renault kampuni mwaka 2000. Daewoo ilikuwa na Kim Woo-choong, mwenye mali halisi wa vitabuni, aliyezunguka dunia akinunua viwanda Poland, Romania na Uzbekistan. Mwaka 1999 ilianguka ikiwa na deni linalotajwa kukaribia dola bilioni 80. Kim akatoroka nchi, akarudi 2005, akahukumiwa, na vitabu vyake navyo vilikuwa vimepikwa, kwa kiwango kilichoifanya hesabu ya Kia ionekane ya mwanafunzi.

Katika kampuni tano zilizounda magari madogo, nne zilianguka, na tatu kati ya hizo zilikuwa na wenyewe waliokuwa na kila sababu ya kuogopa. Kilichoziunganisha ni mkopo. Katika makundi 30 makubwa ya wakati ule, deni la mara nne ya mtaji lilikuwa jambo la kawaida, na benki zilikopesha kwa kuamini kwamba serikali haitaruhusu jina kubwa lizame. Kwa hiyo nikisikia kwamba Kia ilikufa kwa kukosa ukoo, nauliza Daewoo ilikufa kwa kukosa nini.

Mnada wa Kia ulifanyika mwaka 1998. Hyundai, Daewoo, Samsung na Ford zote zilijitokeza, mizunguko miwili ikavunjika kwa sababu wanunuzi walitaka deni lifutwe zaidi, na Oktoba Hyundai ikashinda. Ilichukua asilimia 51 kwa won trilioni 1.18, na wadai wakasamehe kama trilioni 7. Ni muhimu kukumbuka tarakimu ya pili kila inaposimuliwa jinsi Hyundai ilivyoiokoa Kia. Waliotoa zaidi ni wenye benki, na nyuma yao walipa kodi.

Kisha ikaja faida, mwaka 1999, upesi mno kwa kampuni iliyoelezwa kuwa mfu. Magari yaliyoileta ni Carnival, gari la familia la milango ya kuteleza, na Carens. Carnival ilizinduliwa Januari 1998, kabla mnada haujafanyika. Ilichorwa na Kia ile ya Kim Sun-hong, kwa pesa zilezile za mkopo. Wajukuu wa Bongo Coach ndio walioilipia Hyundai ununuzi wake. Na hapo amri ya 1981 inapata sura ambayo Chun hakuikusudia: kampuni iliyofukuzwa kwenye saluni ilijua kuliko mwenzake kuunda gari la kubeba watu wengi na mizigo yao.

Sasa niutendee haki upande wa Hyundai, kwa sababu Kia peke yake, hata na Carnival, isingefika ilipo. Maabara za kampuni mbili ziliunganishwa Namyang. Chasisi na injini zikatumika kwa pamoja, hivyo Optima ya mwaka 2000 ilikuwa Hyundai Sonata yenye nguo nyingine, na gharama ya kubuni gari jipya ikagawanywa kwa idadi ambayo Kia ya zamani haikuwahi kuiota. Chung Eui-sun, mjukuu wa mwanzilishi wa Hyundai, alipowekwa kuiongoza Kia mwaka 2005, alimwajiri Mjerumani Peter Schreyer aliyejulikana kwa Audi TT. Schreyer aliipa Kia uso mmoja, ile grili iliyobanwa katikati inayoitwa pua ya simbamarara, na tangu K5 ya mwaka 2010 hakuna aliyeinunua Kia kwa sababu tu ni rahisi. Viwanda vikafunguliwa Žilina, Slovakia, na West Point, Georgia. EV6, gari lake la umeme, ikawa gari la mwaka Ulaya 2022, la kwanza kutoka Korea, na EV9 ikawa gari la mwaka duniani 2024. Hata nembo mpya ya 2021, ambayo watu wengi waliisoma KN wakaenda kutafuta mtandaoni hiyo KN ni gari gani, haikuzuia mauzo.

Mwaka 2023 Kia iliuza zaidi ya magari milioni 3 na kupata faida ya uendeshaji ya won trilioni 11.6, karibu mara kumi ya bei iliyolipwa kwa nusu yake mwaka 1998. Kwa kila won iliyoingia, Kia ilibakiza nyingi kuliko Hyundai.

Nadhani hapa ndipo ilipo sehemu ya kweli ya hoja ya mwenyewe. Meneja wa kuajiriwa angesita kumkabidhi mgeni sura nzima ya kampuni, au kuweka mabilioni kwenye umeme kabla soko halijaonekana. Mwenye mali alithubutu kwa sababu hakuna wa kumfukuza. Anasaidia kuthubutu, ila hasaidii kujizuia. Septemba 2014 Hyundai, Kia na Hyundai Mobis, kampuni ya vipuri ya kundi hilo, walinunua kiwanja cha shirika la umeme pale Gangnam, Seoul, kwa won trilioni 10.55, mara tatu ya thamani iliyokadiriwa, kwa sababu Mwenyekiti Chung Mong-koo alikitaka kwa makao makuu. Sehemu ya Kia ilikuwa asilimia 20, kiasi cha trilioni 2.1. Kiwanja kilikula kwa Kia pesa karibu mara mbili ya zile zilizolipwa kuinunua Kia yenyewe. Bodi haikukataa. Chung huyohuyo alikuwa ametiwa hatiani mwaka 2007 kwa ubadhirifu wa fedha za kampuni na kusamehewa na rais mwaka uliofuata.

Kuunganishwa pia kulimaanisha kwamba kosa la mmoja huwa la wawili. Injini ya Theta II, iliyofungwa kwenye magari ya Hyundai na Kia kwa mamilioni, ilianza kukwama na nyingine kuwaka moto, na mwaka 2020 mamlaka ya usalama ya Marekani ikazitoza kampuni zote mbili faini kwa kuchelewa kuyaita magari. Kisha vijana wa Milwaukee wakagundua kwamba Kia na Hyundai zinazowashwa kwa ufunguo wa kawaida zinaweza kuibwa kwa bisibisi na waya wa kuchajia simu, kwa sababu hazikuwekwa kifaa cha kuzuia injini isiwake bila ufunguo wake halisi. Kanada kifaa hicho ni lazima tangu 2007, na magari yaleyale yaliyouzwa huko yalikuwa nacho. Marekani sheria haikulazimisha, kwa hiyo kampuni ikabana senti. Mwaka 2023 ilikubali fidia ya kama dola milioni 200. Zingekuwa kampuni mbili zinazoshindana, pengine mmoja wao angekiweka ili ajitangaze.

Na nyumbani Korea, katika kila magari mapya kumi, saba au zaidi ni ya kundi moja. Mkorea anayelalamika kwamba Sorento ya Kia imepanda bei anaambiwa anunue Santa Fe ya Hyundai.

Waliopoteza zaidi hawatajwi sana. Wafanyakazi waliokuwa na hisa za Kia waliona sehemu kubwa ya akiba yao ikiyeyuka, na maelfu ya wenzao wakapunguzwa kazini. Hawakupika vitabu wao. Lakini pia chama chao kilimkinga aliyevipika, na hilo si jambo dogo.

Leo Kia ina mwenyewe, ila kwa njia ya mzunguko. Hyundai Motor ina kama asilimia 34 ya Kia. Kia ina kama asilimia 17 ya Hyundai Mobis. Mobis nayo ina zaidi ya asilimia 20 ya Hyundai Motor. Akina Chung hushika kundi zima wakiwa na hisa chache kuliko mtu angedhani, kwa sababu pete hiyo inawafanyia kazi, na Kia, kampuni ambayo haikuwa ya mtu, ni pingili mojawapo ya lazima. Machi 2018 kundi lilitangaza mpango wa kuifungua pete. Mfuko wa uwekezaji wa Elliott wa Marekani ukaupinga, ukisema unawapunja wanahisa wadogo, na Mei mpango ukaondolewa mezani siku chache kabla ya kura.